Asha yupi? Namna ya kusaka maana na asili ya jina la mtoto kabla hujalipeleka kwa msajili

Simu ililia saa nne usiku. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Mkewe amejifungua salama saa mbili, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. "Dada, jina nimepata. Asha. Nimeona kwenye simu, maana yake tumaini."

Nikamuuliza: Asha yupi?

Maana Asha wako wawili. Asha wa kwetu pwani ni Aisha aliyelainishwa na ndimi za Waswahili, na asili yake ni Kiarabu: aliye hai. Asha wa kwenye orodha ya majina aliyoiona simuni ni wa Kihindi, ametoka Kisanskriti, na huyo ndiye tumaini. Ndilo jina la mwimbaji Asha Bhosle. Herufi nne zilezile, lakini Asha wa Tanga na Asha wa Mumbai si wajina.

Orodha za majina zimejaa mambo ya namna hii. Zinakupa jina, nukta mbili, na neno moja la maana, kana kwamba jina ni bidhaa yenye kibandiko. Tangu usiku ule nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kutafuta majina, na utaratibu ninaoutumia ndio huu.

Hatua ya kwanza: jua jina linajibu swali gani

Kabla ya kuuliza "maana yake nini", uliza kwamba kwa watu wenye jina hilo, jina la mtoto huwa linajibu swali lipi. Kuna mila zinazouliza *amezaliwa lini*, nyingine *ni nani aliyerudi*, nyingine *amekujaje*, na nyingine jina lao ni sala tu.

Swali la *lini* ndilo linalotawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno wamezaliwa usiku, Ochieng na Achieng jua likiwaka, Okinyi na Akinyi asubuhi, Odhiambo na Adhiambo jioni, Okoth na Akoth mvua ikinyesha. Utaona herufi ya kwanza ndiyo inayotenga mvulana na msichana: O kwa wa kiume, A kwa wa kike. Wakalenjin nao wana Kip- na Chep-, au vipande vyake. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kiplagat na Chelagat wa jua kuchwa. Kiprop na Cherop wa mvua. Kiprotich na Cherotich walizaliwa ng'ombe wakirudi zizini. Ukisikia matokeo ya mbio ndefu redioni, nusu ya yale majina ni saa na hali ya hewa.

Wabukusu wa magharibi ya Kenya hutazama msimu. Wafula na Nafula ni wa masika, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi. Wanjala na Nanjala ni wa wakati wa njaa. Mtu akikuambia Wanjala ni "jina baya" kwa kuwa lina njaa ndani, mwambie hilo ni tarehe, si laana.

Kwetu Waswahili wako Juma na Mwanajuma wa Ijumaa, Khamis na Mwanahamisi wa Alhamisi, Jumanne, Ramadhani, Shaabani, Rajabu, Chausiku wa usiku. Hapa kuna mtego ambao vijana wengi hawaujui. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua linapotua. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi amezaliwa usiku wa Ijumaa, kwa hiyo ni Juma, ingawa karatasi ya hospitali itaandika Alhamisi. Na wiki yenyewe ina vituko vyake: Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili, hivyo Alhamisi ni siku ya tano, ndiyo "khamis" yenyewe, Waswahili tunahesabu kuanzia Jumamosi, hivyo ya tano ni Jumatano. Wiki yetu ina siku za tano mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Swali la pili ni *nani*. Wakikuyu wana utaratibu usiopindishwa ovyo: mwana wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza ni bibi mzaa baba, wa pili ni bibi mzaa mama. Wazee hao wanaweza kuwa hai kabisa na kumpakata mjukuu aliyebeba jina lao. Kwa Wajaluo jina la ukoo hutafutwa kwa waliokufa: mzee hutokea ndotoni, au mtoto akilia bila kukoma hutajiwa majina ya marehemu mmoja mmoja, na pale anaponyamaza, jina limepatikana. Wayoruba wa Nigeria humwita Babatunde, "baba amerudi", mvulana aliyezaliwa baada ya babu kufariki.

Swali la *amekujaje* ni la wakunga. Ouma na Auma walitoka wakitazama chini. Owino na Awino kitovu kiliwazunguka. Kashinje wa Wasukuma alitanguliza miguu. Mapacha ndio wenye majina yasiyokwepeka: Kulwa na Doto kwa Wasukuma, na Shija anayewafuata, Opiyo na Odongo kwa Wajaluo, na Okello anayefuata, kwa Waganda, Waswa na Kato wakiwa wavulana, Babirye na Nakato wakiwa wasichana, na Kizza nyuma yao. Kwa Waganda hata wazazi hubadilika jina: baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo.

Mwisho ni majina ya sala. Rwanda na Burundi ndio mabingwa: Habimana ni "Mungu yupo", Hakizimana "Mungu ndiye anayeponya", Bizimana "Mungu ndiye ajuaye", Nshimirimana "namshukuru Mungu". Wanyakyusa wana Lusajo, baraka, Ipyana, neema, Lugano, upendo, Bupe, zawadi, Atupele, ametupa. Ethiopia wana Gebre-, "mtumishi wa", na Haile, "nguvu". Gebrselassie ni mtumishi wa Utatu. Umbo hilohilo unalo hapo kwako kwenye Abdul-: Abdulrahman ni mja wa Mwingi wa Rehema, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, amebeba jina la mja wa Mwenye Kuruzuku.

Ukishajua swali, utajua pia kama jina linamfaa mwanao. Jina linalojibu *lini* halifai kuchukuliwa kwa sababu tu linapendeza masikioni. Kumwita Akinyi mtoto aliyezaliwa saa tatu usiku ni kama kumwandikia tarehe ya uongo.

Hatua ya pili: kaa na wazee, na uulize vizuri

Usimwulize bibi, "Jina lako lina maana gani?" Atakujibu kwa neno moja, au atakuambia hajui. Muulize, "Bibi, ilikuwaje wakakuita hivyo?" Hapo ndipo kahawa inapopoa.

Nilimuuliza jirani yetu mmoja mtu mzima, jina lake Sikudhani. Neno lenyewe halihitaji kamusi. Kumbe mama yake alikuwa amekata tamaa ya kuzaa, miaka mingi imepita tangu mtoto wa kwanza, na mimba ilipoingia alidhani ni maradhi ya tumbo. Siku anajifungua alisema neno hilo moja, na nyanya akalidaka hapohapo. Orodha ya mtandaoni ingesema nini? "Sikudhani: mshangao." Afadhali isingesema kitu.

Nenda na daftari na uulize mambo haya: nani alilichagua jina, maana katika koo nyingine mwenye haki ya kuita si baba wala mama, ni shangazi au bibi; nani mwingine kwenye ukoo aliwahi kuwa nalo na aliishije; na jina gani halitajwi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kuna nyumba nyingi ambazo mke hatamki jina la baba mkwe. Mtoto akipewa jina hilo, mama mtu atamwita "Babu" au "Baba" maisha yote, na jina la kwenye cheti litabaki la mwalimu na daktari.

Utakutana pia na Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko. Usiyacheke. Baadhi ni kumbukumbu ya hali ya nyumba wakati ule, na mengine yalitolewa makusudi baada ya watoto kufa mfululizo, ili mauti yampite huyu anayeonekana hana thamani. Je, umrithishe mwanao? Mimi ningemrithisha hadithi, jina ningelitafuta jingine. Lakini nimekutana na kijana anayeitwa Mashaka baada ya babu yake, na hakuna kitu anachojivunia zaidi.

Hatua ya tatu: chimba maana mpaka kwenye lugha yake

Chukua jina na ulipasue. Elibariki, jina la kawaida Kaskazini mwa Tanzania, lina "El", Mungu kwa Kiebrania, na "bariki", neno tulilolipata kwa Waarabu. Kiebrania na Kiarabu vimekutana kwa mtoto mmoja. Yohana na Yahya ni mtu mmoja katika Biblia na Kurani, na Yohana kwa Kiebrania inasema Mungu amefadhili. Mikaeli ni swali: nani aliye kama Mungu? Danieli ni "Mungu ndiye mwamuzi wangu". Petro ni mwamba kwa Kigiriki, Irene ni amani, Sofia ni hekima, na Filipo, ambaye wengi hudhani ni jina la kanisani tu, ni mpenda farasi.

Baada ya kupasua, tenga maana mbili: ya kamusi na ya mwenye jina. Khadija kwa Kiarabu ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Fatma ni mwenye kuachisha mtoto ziwa. Hakuna mzazi wa Kiislamu anayemwita bintiye Khadija akimfikiria njiti. Anamfikiria mke wa kwanza wa Mtume. Kadhalika wa Kikristo anayeita Agnesi au Agustino anamtafuta mtakatifu, si kamusi. Kwa majina ya dini, maana ya mwenye jina ndiyo inayofanya kazi. Mtu akikutisha kwamba Fatma "maana yake si nzuri", amesoma kamusi na kuacha historia.

Halafu angalia kama maana imehama njiani. Amani kwetu ni utulivu. Kwa Mwarabu, msichana anayeitwa Amani ni "matamanio". Neno jingine kabisa, ingawa yanasikika karibu sawa. Japani ni ngumu zaidi: Yuki inaweza kuwa theluji au furaha kutegemea alama walizoandikia, kwa hiyo sauti peke yake haikuambii kitu. Ukikuta orodha inayosema "Yuki: theluji" na kuishia hapo, ujue mwandishi hajamaliza kazi.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kumtafuta mzungumzaji mmoja wa lugha hiyo, si tovuti tatu. Tovuti hunakiliana. Ukitaka jina la Kihaya, mpigie Mhaya.

Hatua ya nne: ukiazima jina la watu wengine

Kuazima si dhambi. Bila kuazima tusingekuwa na Yusufu wala Maria. Ila azima na masharti yake.

Waakan wa Ghana wana majina ya siku kama sisi na akina Juma. Kofi ni wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi, Kwasi wa Jumapili. Kwa wasichana Afua, Ama na Akosua. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, na jina lake la kati, Atta, ni pacha: alizaliwa na dada yake. Kwame Nkrumah ni wa Jumamosi. Kwa hiyo ukivutiwa na Kofi kwa ajili ya yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na mwanao ni wa Jumanne, Mghana yeyote atakayekutana naye atamuuliza kwa nini anaitwa Ijumaa. Kofi, kwa hakika, ndiye Juma wao.

Mapacha nao wana sheria za kushangaza. Wayoruba humwita wa kwanza kutoka Taiwo, "aliyetangulia kuonja dunia", na wa pili Kehinde, "aliyekuja nyuma". Lakini mkubwa ni Kehinde: ndiye aliyemtuma mwenzake akachungulie dunia kama inafaa. Kwa Kulwa na Doto ni kinyume, Kulwa ametangulia na Kulwa ndiye mkubwa. Ukichanganya mila hizi mbili nyumbani mwako, jiandae kuamua ugomvi wa nani kaka.

Jina pia huweza kushika mahali. Lupita Nyong'o alizaliwa jijini Mexico City mwaka 1983, wazazi wake Wajaluo, na Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina la Bikira Maria mpendwa wa Wameksiko. Ukitazama juu juu utasema wazazi waliacha mila. Mimi naona waliifuata: Mjaluo humwita mtoto kwa mazingira aliyozaliwa, na mazingira yalikuwa Meksiko.

Kiswahili nacho kimeazimwa. Tangu sikukuu ya Kwanzaa ianzishwe Marekani mwaka 1966, Imani na Nia, ambazo ni mbili kati ya nguzo zake saba, zimekuwa majina ya wasichana wengi huko. Wapo pia akina Zuri. Kwetu "zuri" peke yake ni kivumishi kinachosubiri nomino, unabaki unajiuliza: zuri, lipi? Gari? Jambo? Basi hivyo ndivyo wenye lugha wengine watakavyolisikia jina utakaloliazima kwao bila kuuliza.

Hatua ya tano: lijaribu mdomoni

Simama mlangoni uliite kama unayemwita mtoto aache mpira aje kuoga. Jina lenye silabi sita litakatwa kabla hajatimiza mwaka, na wewe huchagui litakatwa wapi. Hapa akina Abdul- ndio wanaoumia: ukikata Abdulrahman ukaacha "Abdul", umebaki na "mja wa…" na sentensi haijaisha. Kama linakusumbua, anza kumwita Rahma au Abdi wewe mwenyewe… la, hapo nakosea: Rahma ni wa kike. Hata mimi nahitaji hatua ya pili.

Sikiliza r na l. Kama ukoo wa baba husema "Lehema" na "Ladhia", amua mapema kama utavumilia.

Kwa majina ambayo ni maneno ya kila siku, yatungie sentensi. Neema ameondoka. Furaha amefeli. Amani hayupo. Kiswahili kina huruma kidogo hapa, kwa sababu upatanisho hutofautisha: "baraka imefika" ni jambo la kushukuru, "Baraka amefika" ni mtu anayetaka chakula. Watoto wenzake shuleni hata hivyo hawatajali ngeli.

Hatua ya sita: panga siku, kisha andikisha herufi kwa herufi

Waislamu wengi hutoa jina siku ya saba pamoja na akika, yaani mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto, nywele zikanyolewa na kutolewa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Rwanda desturi ni siku ya nane: watoto wa jirani hualikwa kula, kila mmoja anapendekeza jina, kisha wazazi huamua. Wayoruba pia ni siku ya nane. Siku hizi hospitali huuliza jina kabla hujatoka. Unaweza kusema bado, usikubali kuharakishwa.

Tanzania Bara kizazi kinatakiwa kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 90, na kwa walio chini ya miaka mitano huduma inapatikana pia kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata katika maeneo mengi. Kenya muda ni miezi 6. Ukichelewa bado utaandikishwa, ila vielelezo huongezeka na safari pia.

Kinachowaumiza watu ni tahajia. Bintiyangu anaitwa Zuhura, ile sayari ing'aayo jioni. Nililitaja kwa mdomo dirishani, sikuliandika. Cheti kikatoka "Zuhra". Shule ya awali wakaandika "Suhura". Nilipoanza kufuatilia nilizunguka na viapo vya wakili kwa miezi, nikithibitisha kwa watu walionitazama usoni kwamba watoto hao watatu ni mmoja. Kwa hiyo:

- Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi na uikabidhi; usilitamke tu.
- Amueni nyumbani kama ni Khamis au Hamisi, Fatma au Fatuma, Mohamed au Muhammad, na msibadilishe tena.
- Soma cheti ukiwa bado dirishani, pamoja na jina la baba na la babu, maana hayo matatu ndiyo yatakayomfuata shuleni na kwenye kitambulisho.
- Kama mila yenu haina jina la ukoo, kama Rwanda ambako Habimana na dada yake Uwimana ni wa tumbo moja, beba cheti cha kila mtoto mnaposafiri. Afisa wa uwanja wa ndege Ulaya atatafuta jina linalofanana asilione.

Mdogo wangu aliishia na Asha, lakini si yule wa orodha. Alimwita kwa shangazi yetu Aisha, aliyemlea. Siku ya saba bibi alikuja kutoka Pangani na shuka jipya, akauliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Alhamisi, saa mbili usiku, akajibiwa. "Basi huo ni usiku wa Ijumaa," akasema, akamchukua mtoto. Cheti kinasema Asha. Bibi hajawahi kulitamka. Kwake ni Mwanajuma, na akipiga simu humuulizia hivyohivyo, na kila mtu nyumbani anajua anamtaka nani.